Mahindi Aliyoyachagua Binti Yangu

Binti yangu hakufukuzwa kazi, hafui nguo za watu, na hajawahi kulala kituo cha polisi. Naanza na hayo matatu kwa sababu ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu mwenyewe: la kwanza msibani, la pili saluni, na la tatu kwa mtu aliyekuja mpaka mlangoni kwangu kunipa pole. Nilimwandalia chai, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia pole yake aiweke, huenda akahitaji kuitoa kwingine.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, saba ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Marehemu mume wangu alikuwa mpima ardhi. Nyumbani kwetu jambo halikuitwa kweli mpaka mtu aseme amelijuaje. Kwa hiyo nitasema lililotokea, na nitasema nimelijuaje.

Huyu ni kitindamimba wetu. Baba yake alimpa jina la Kwanini, na nyumba nzima ikalishika. Alipokuwa na miaka saba, bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Jumapili moja alikaa nalo tangu asubuhi akikinga matone kwa kikombe na kuandika kila kikombe kilipojaa, apate kujua tunapoteza ndoo ngapi kwa wiki. Fundi bomba alikuja saa nne. Baba yake akamwambia, "Rudi kesho, bwana. Kuna mtu hajamaliza kazi." Nilikasirika, kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa. Sasa naona yule mzee alijua alichokuwa anakilea.

Alisomea mambo ya mazao, akafaulu vizuri, akapata nafasi ya utafiti ughaibuni: kuchunguza sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa ghalani. Nafasi hiyo ilikuwa ya miaka mitatu na nusu, lakini miezi sita ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Mkuu wa maabara akiridhika, anatia sahihi. Asiporidhika, mtu anafunga sanduku na kurudi kwao. Hilo nililielewa tangu siku ya kwanza, na sikumwambia yeyote. Nilipomsindikiza mtoto uwanja wa ndege, watu wote walidhani amekwenda moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari.

Tulikubaliana kwamba simu ni ya salamu na barua ni ya habari. Aliandika kwa mkono, akazipiga picha kurasa na kunitumia. Ninazo barua thelathini na nne, nimezipa namba.

Barua ya kwanza ilikuwa ya chumba tu. Kilikuwa ghorofa ya tatu, hatua sita kwa nne, na dirisha lake lilifunguka upana wa kiganja halafu likakataa. Chini ya dirisha palikuwa na bomba la chuma la kupasha joto, na kila alfajiri liligonga mara tano sita kama mgeni mwenye aibu. Alikaa siku tatu akilisikiliza mpaka akajua linagonga maji ya moto yanapoanza kupita. Jiko walichangia watu wanane, na kila mmoja alikuwa na kabati lenye kufuli. Taa za ukumbini ziliwaka zenyewe mtu akipita na kuzimika akisimama, basi yeye alikwenda na kurudi, akainama, akatambaa, akitafuta jicho la taa liko wapi. Jirani wa chumba cha pili alifungua mlango akamkuta kwenye sakafu.

"Umepoteza kitu?"

"Hapana. Natafuta pahali ambapo taa hainioni."

Jirani alimtazama kidogo, akasema, "Ukipata, niambie. Na mimi naitaka."

Wakawa marafiki kuanzia hapo.

Nilimuuliza mambo mengi katika majibu yangu. Maji yana ladha gani? Watu wanapishanaje kwenye ngazi? Dukani unamwita muuzaji nani? Alinijibu yote. Wiki ya kwanza alimsalimia kila mtu ngazini, habari za nyumbani, za kazi, za watoto, mpaka mzee mmoja akasimama, akaweka mizigo chini na kuanza kumweleza kuhusu goti lake. Alichelewa kazini dakika ishirini, lakini aliandika kwamba sasa analijua goti lile vizuri kuliko daktari.

Maabara ilikuwa na sehemu mbili. Chini ya ardhi palikuwa na ghala la magunia, mashine ya kusaga na chumba cha baridi. Juu palikuwa na vipimo, viti virefu na ukimya. Mkuu wao alikuwa mama mrefu asiyependa maneno mengi, naye wote walimwita Daktari. Chini alitawala fundi wa maabara, mtu wa makamo aliyekuwa na kalamu nyuma ya kila sikio. Wakulima walileta mahindi kwenye mifuko yenye namba. Kila mfuko ulimwagwa kwenye sanduku lenye vijia vinavyogawa punje nusu kwa nusu: nusu moja iliwekwa akiba kwenye baridi, nusu nyingine ilisagwa na unga wake kupandishwa juu ukapimwe sumu.

Wiki ya tisa fundi alishikwa na mgongo, akakaa nyumbani siku nne. Alimwachia binti yangu mifuko kumi na minne na karatasi yenye maneno matatu: gawa, saga, pima. Alikuwa chini peke yake. Akagawa. Kisha, kabla ya kusaga, akayamwaga mahindi kwenye sinia pana, akakaa kwenye kigoda, akayapepeta na kuyachagua. Alitoa mawe, vipande vya gunzi, punje zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na zile zenye kijivu na kijani kwenye kiini. Mfuko baada ya mfuko, siku nne. Mgongo ulimuuma, na alijiona amefanya kazi ya watu wawili.

Msomaji aliyelelewa katika nyumba kama yangu ataniuliza kosa liko wapi. Nani anapeleka mahindi mashineni bila kuyachagua? Mimi mwenyewe niliposoma barua hiyo, namba kumi na moja, nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Mifuko mitatu ilikuwa midogo mno kugawanywa, akaisafisha yote. Takataka za mifuko yote alizitia kwenye kopo moja la bati, kwa sababu nyumbani taka za mahindi ni za kuku. Kule kuku hawakuwepo. Lakini kuzimwaga hakuweza.

Majibu yakatoka. Ukutani palikuwa na ubao ambao kila mfuko ulikuwa na kidoti chake, chekundu kwa sumu nyingi, kijani kwa salama. Mifuko ya fundi ilikuwa na vidoti vyekundu zaidi ya nusu. Ile kumi na minne ya binti yangu yote ilikuwa kijani. Daktari alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu akasema, "Hawa watu wanahifadhi vizuri. Tuwaandikie tuwape habari njema, halafu tuwaulize wanafanyaje." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe umefanya kazi safi."

Hilo la kazi safi aliniandikia kwa herufi kubwa. Nami, nakiri, nililisoma kwa sauti mbele ya wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kuazima mashine ya kukunia nazi. Nikaongeza la kwangu kwamba si ajabu wakampandisha cheo.

Kwanini wangu akarudi kwenye ubao. Kidoti kimoja kinaweza kuwa kijani, lakini kumi na vinne? Akatoa daftari la mapokezi akaanza kusoma mahali kila mfuko ulipotoka. Mfuko wa tisa, wa fundi, na mfuko wa kumi, wake, ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja. Walilima pamoja, wakavuna wiki moja, wakahifadhi kwenye ghala moja lenye mlango mmoja. Wa kaka mtu ulikuwa mwekundu, wa mdogo mtu ulikuwa kijani. Akashuka chini, akakaa kwenye kile kigoda, akaliangalia kopo.

Alikuwa ameitoa sumu kwa vidole vyake. Alichotumwa kukipima ndicho alichokitupa.

Alinipigia simu saa nane mchana, siku ya kazi, na simu ni ya salamu. Akanieleza. Barua za habari njema zilikuwa zimeshachapwa, zinangoja sahihi kesho yake. Majaribio yalikuwa yamebaki miezi mitatu na ushee.

Nimeahidi kusema kweli, basi nitalisema na hili. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Nani alikuona?"

Akasema, "Hakuna, mama. Ndiyo maana nakupigia."

"Hebu usiseme kitu kwanza. Acha nifikiri."

"Mama, barua zinatoka kesho. Kuna watu wataambiwa mahindi yao ni salama."

"Nimesikia. Nimesema acha nifikiri."

Nilikata simu nikazunguka sebule. Niliwaza sanduku likirudi, nikawaza wifi yangu na uso atakaoweka. Niliwaza hata kwamba pengine mahindi yale yalikuwa salama kweli. Saa kumi nilikuwa nimepata la kumwambia, nikampigia, na lilikuwa neno zuri tu, la kumtuma kwa mkuu wake. Akaniambia, "Nimeshamwambia, mama. Nimetoka kwake sasa hivi." Kwa hiyo uungwana uliofanyika siku ile si wangu. Nilichelewa kwa saa mbili.

Daktari alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, akamuuliza swali moja tu kwanza.

"Ulichagua kwa nini?"

"Kwa sababu yanakwenda mashineni."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mama yangu."

Ndivyo nilivyoingizwa kwenye kikao cha wanasayansi bila kualikwa.

Fundi aliitwa. Alisoma karatasi yake ya maneno matatu, akaigeuza nyuma kana kwamba lipo la nne. "Sikuandika usichague," akasema. "Sikujua kuna mtu duniani anaweza kuchagua."

"Na mimi sikujua kuna asiyechagua," binti yangu akajibu. Hakuna aliyecheka.

Barua za habari njema zilichanwa. Mifuko kumi na mmoja ilikuwa na nusu yake kwenye baridi, fundi akaisaga upya kama ilivyokuja, na saba ikageuka myekundu. Ile mitatu midogo haikuwa na akiba. Daktari akamwambia binti yangu awaandikie wenyewe, kwa jina lake, kwamba jibu halipo na kosa si lao. Akamtoa kwenye mashine. Kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kupokea magunia na kuosha masinia mpaka mwezi wa sita. "Halafu?" akauliza. Daktari akasema, "Halafu nitaamua. Sasa hivi sijui, na sitaki kukudanganya."

Barua yake ya kwanza kwa wakulima ilikuwa na kurasa mbili za kuomba radhi. Daktari akaikata ikabaki mistari minne. Watu wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu kwa mstari mmoja: "Tumeshayala." Binti yangu alinipelekea picha ya mstari ule bila kuongeza neno, na hiyo ndiyo barua fupi kuliko zote nilizonazo.

Sasa nifike kwenye picha ya sinki. Wiki hiyo jirani yake alimpiga picha akiwa amevaa aproni ya mpira na buti mpaka magoti, mbele ya sinki, anacheka. Binti yangu akaituma kwenye kundi la ukoo la simu, kwa moyo mweupe, akijua mimi nimeshawaeleza. Sikuwa nimewaeleza. Nusu saa haijapita, wifi yangu yuko mlangoni na simu mkononi.

"Mwalimu, hodi. Nimekuja kuona cheo."

"Karibu, wifi. Cheo gani?"

"Si ulisema mtoto amepandishwa? Naona wamempandisha mpaka kwenye sinki."

"Watafiti wote wanaosha vyombo vyao."

"Na buti pia wanavaa? Mbona kama anakwenda kuvua kambare?"

Nilimwambia ni utaratibu wa maabara, hatauelewa. Hilo lilikuwa kosa la pili la familia hii, na ni langu peke yangu. Mtu akiambiwa hataelewa, ataelewa anavyotaka. Kufika Ijumaa mtoto wangu alikuwa amefukuzwa, Jumamosi anafua nguo za watu, na Jumatatu yuko kituo cha polisi.

Huku nyuma Kwanini alikuwa anaosha masinia na kufikiri. Ule mstari wa mkulima haukumtoka kichwani. Watu wameshakula, lakini wamekula nini? Wamekula mahindi kama yalivyo, au yaliyochaguliwa? Maana mkono wake siku zile nne uligeuza vidoti saba kutoka vyekundu kuwa vya kijani, na hakuna mtu pale aliyewahi kupima mkono unatoa kiasi gani. Akamwendea fundi na lile kopo la bati, akamwomba asage konzi moja ya taka. Fundi akakataa, akasema yeye si kuku. Siku ya tatu akakubali, apate amani. Kipimo kilipanda mpaka fundi akadhani kimeharibika. Akakisafisha, akapima tena, kikapanda vilevile. Akatoa kalamu moja sikioni akaandika. Kisha akamwita Daktari.

Daktari akamuuliza, "Unajuaje punje ya kutoa? Nieleze kwa maneno."

Hapo mtoto akakwama. Mikono yake ilijua, mdomo haukujua. Akasema atauliza nyumbani.

Nina shahada ya chuo kikuu. Nimesimamia mitihani ya taifa. Sasa natakiwa niweke simu juu ya birika, nikae chini na sinia la mahindi, nieleze watu wa sayansi namna ya kuchagua. Nilivaa gauni la heshima. Na kwa bahati yangu wifi akabisha hodi katikati, maana siku hizo hakukosa. Akasimama mlangoni akitazama.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Nachagua mahindi."

"Hapana. Unasahihisha mitihani. Utamaliza lini, punje moja moja?" Akavua viatu, akaninyang'anya sinia, akalirusha mara mbili. Punje mbovu zikasogea zote ukingoni kama zilizoitwa.

"Shangazi, rudia tena," sauti ikatoka kwenye simu. "Polepole."

Wifi yangu akaruka. "Kumbe yumo humu ndani?"

"Nimo, shangazi. Shikamoo. Hizo zilizokwenda ukingoni umezijuaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nyepesi hizo. Yenye ukungu haina uzito, inaelea. Ile nyingine utaijua kwa kucha, inabonyea. Na ile ya tatu ni ya jicho, kiini kimechafuka." Akanigeukia. "Hili mama yako hajui. Tangu aolewe anaogopa vumbi."

Alieleza kwa dakika arobaini. Binti yangu aliuliza mpaka shangazi mtu akaomba maji. Kwa nini kucha na si kidole? Mahindi yakiwa mabichi kidogo inakuwaje? Ukichoka unakosea zipi kwanza? Kisha, simu ikiwa bado wazi, wifi akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Sasa wewe umefukuzwa au hukufukuzwa?"

Nilitaka kuzima simu. Mtoto akajibu kabla kidole changu hakijafika. "Bado, shangazi. Nilikosea, nimewekwa sinki mpaka mwezi wa sita. Halafu ndio wataamua."

"Ulikosea nini?"

"Nilichagua mahindi."

Wifi akaliangalia sinia, akaniangalia mimi. "Basi kosa ni la kwetu," akasema. Akavaa viatu. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya polisi, ila ya kufukuzwa ilikuwa imeshafika mbali, na hakuweza kuikimbiza. Wala mimi.

Mwezi wa sita ulipoisha Daktari alimwita. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza inasema kwamba mtafiti aliharibu sampuli kumi na nne kwa kuzisafisha bila kuuliza, kwamba tatu hazikuweza kuokolewa, na kwamba hilo litabaki kwenye faili lake. Ya pili inasema kwamba alilisema mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuligundua, kwamba swali lake kuhusu uchaguzi wa mkono litakuwa sehemu ya utafiti wake, na kwamba amethibitishwa kwa miaka mitatu iliyobaki. Sahihi iko chini, ndogo, ya mtu asiyependa maneno.

Aliponitumia, niliichapisha. Nakiri kwamba siku mbili za kwanza niliikunja, nikawa naonyesha aya ya pili tu. Wifi yangu ndiye aliyeikunjua mezani, akaisoma yote, akanirudishia ikiwa imenyooka. Nikaiacha hivyo. Sasa ipo sebuleni kwangu, aya zote mbili, na anayetaka kuisoma nitampa miwani.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mtoto wa mpima ardhi alikosea, akasema, akaadhibiwa, akathibitishwa. Atakayeongeza la tano ajue limetoka kwake.

Watu bado wananiuliza analipwa kiasi gani, yule jirani wa chumba cha pili ni mwanamume au mwanamke, na atarudi lini. Sijibu. Si leo, si kesho, na si kwa kuulizwa kwa upole. Nimemaliza.